"Death by PowerPoint": nani hasa anayekufa?

Leo tuweke kando lugha za kompyuta, tuongee kidogo juu ya lugha za watu.

Kisa chenyewe ni hiki. Kuna kijana amekuja kazini kwetu kujifunza kazi, yuko mwaka wa tatu chuoni. Wiki iliyopita alipewa nafasi ya kutueleza mradi wake. Akatayarisha slaidi 38. Akasimama, akasoma zote. Mkutano ulipokwisha, mkubwa wetu alimtumia ujumbe mfupi kwa Kiingereza: kazi nzuri, lakini ilikuwa "death by PowerPoint" kidogo.

Kijana akaja mezani kwangu na simu mkononi, uso umemshuka. "Bosi, hii ni kusema kuna mtu nimemuua?"

Nilicheka, halafu nikaacha kucheka. Nilikumbuka kwamba miaka kadhaa iliyopita mimi mwenyewe nilifanya kosa hilohilo, na siku ile hakuna aliyecheka. Nitafika hapo. Kwanza tuanze na maana ya maneno yenyewe.

MAANA YAKE

Neno kwa neno ni "kifo kwa PowerPoint". Lakini ukisema hivyo kwa Kiswahili unapoteza mzaha ulio ndani yake. Kwa Kiingereza, "death by" fulani ni lugha ya daktari anayepasua maiti au ya hakimu anayetoa hukumu: kifo kwa sumu, kifo kwa kunyongwa. Kwa hiyo anayetamka maneno haya anajifanya kuandika cheti cha kifo. Marehemu ni msikilizaji. Kilichomuua ni slaidi: nyingi mno, zimejaa maandishi, na msemaji amezigeukia ukutani anazisoma neno baada ya neno kana kwamba waliokaa pale hawakwenda shule.

Kiswahili tunayo njia yetu ya kutaja kinachoua, tena fupi kuliko ya Waingereza. Aliyezama husemwa amekufa maji. Aliyekosa chakula amekufa njaa. Basi mimi napendekeza tuseme "kufa slaidi". Mkutano wa jana ulikuwaje? Ndugu yangu, tulikufa slaidi.

Na methali tunayo tayari: mfa maji haachi kutapatapa. Umewahi kumwona msemaji anayetambua kwamba watu wamelala? Anaongeza sauti, anaongeza slaidi, anaruka nyuma mpaka slaidi ya 12 kueleza tena yaliyolaza watu mara ya kwanza. Huyo naye anakufa slaidi, ila anatapatapa.

YALIKOTOKA

PowerPoint ilizaliwa katika kampuni ndogo ya Marekani iitwayo Forethought. Aliyebuni wazo ni Robert Gaskins, na Dennis Austin ndiye aliyeandika sehemu kubwa ya programu ya kwanza. Jina la awali lilikuwa Presenter. Ilitoka mwaka 1987 kwa kompyuta za Macintosh, na kabla ya mwaka huo kwisha Microsoft iliinunua kampuni nzima kwa dola milioni 14. Toleo la Windows lilifuata mwaka 1990.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa ya unyenyekevu sana: kumsaidia mtu atengeneze zile karatasi za plastiki zilizowekwa juu ya mashine yenye taa ili maandishi yaonekane ukutani. Waliosoma vyuo vyetu miaka ya 90 watazikumbuka. Mhadhiri alikuwa na karatasi 5 au 6, na kila moja ilimgharimu pesa na muda. Ugumu huo ulikuwa baraka ambayo hakuna aliyeiona. Kompyuta ilipofanya slaidi ya 40 iwe rahisi sawa na slaidi ya 4, breki ikakatika.

Kuhusu aliyetunga msemo, wengi humtaja Angela Garber, aliyeandika makala yenye kichwa hicho mwaka 2001. Baada ya hapo ulienea maofisini na hasa jeshini. Mwaka 2009 huko Kabul, Jenerali Stanley McChrystal wa Marekani alionyeshwa slaidi moja ya vita vya Afghanistan iliyojaa mishale na mistari kama sahani ya tambi. Jibu lake lilikuwa kwamba siku tutakapoielewa slaidi hii, tutakuwa tumeshinda vita. Ukumbi ukaangua kicheko. Mwaka uliofuata, Jenerali James Mattis alisema waziwazi kwamba PowerPoint inatufanya wajinga.

UTUMIKEJE

Nimeona watu hapa Nairobi wakiutumia msemo huu vibaya, kwa hiyo tuelewane.

Moja, si kila hotuba ya kuchosha. Mheshimiwa anayesimama kwenye harambee, anasema "sina mengi ya kusema", halafu anamaliza saa nzima na kufunga kwa "ni hayo machache tu", huyo hakukuua kwa PowerPoint. Amekuua kwa mdomo mtupu. Bila slaidi msemo haukai.

Mbili, si lazima programu iwe ya Microsoft. Ukiuawa kwa Keynote ya Apple au kwa slaidi za Google, bado utasema PowerPoint. Ni kama sisi tunavyotuma mtoto dukani alete Omo, akarudi na sabuni ya unga ya kampuni nyingine na hakuna anayelalamika.

Tatu, ni mzaha, na mzaha una mahali pake. Watu husemezana wakishatoka nje, juu ya mtu asiyekuwepo. Ukimwambia mtu usoni, hasa mdogo wako kazini, umempiga kofi huku unacheka. Kijana wetu alikaa siku nzima akidhani amefukuzwa. Kama unataka kumrekebisha mtu, mwambie kosa lake kwa maneno yanayorekebishika: slaidi ni nyingi, maandishi ni madogo, ulitupa mgongo.

HAPA NDIPO MIMI NABISHANA

Sasa nije kwenye neno langu. Naona msemo huu umemtaja marehemu asiye. Msikilizaji hafi. Anachoka, anapiga miayo, anafungua WhatsApp chini ya meza, saa ya chai anafufuka mzima na kuchukua mandazi mawili. Anayekufa ni ujumbe. Lile jambo moja ambalo watu walipaswa kutoka nalo ukumbini ndilo linalozikwa, na kwa sababu kila mtu anacheka juu ya usingizi, hakuna anayeuliza maiti iko wapi.

Mfano mzito kuliko yote ni wa chombo cha anga cha Columbia. Kiliruka tarehe 16 Januari 2003 kikiwa na watu 7. Sekunde 82 baadaye kipande cha povu gumu kilibanduka kwenye tangi la nje na kugonga bawa la kushoto. Chombo kikiwa bado angani, wahandisi wa Boeing walitakiwa kuchunguza kama bawa limeumia, na matokeo yao yakapelekwa kwa wakubwa wa NASA kwa slaidi.

Baadaye Edward Tufte, profesa wa Chuo Kikuu cha Yale aliyebobea katika kuonyesha takwimu kwa michoro, alichukua moja ya slaidi zile na kuichambua mstari kwa mstari. Kichwa chake kwa herufi kubwa kilimpa msomaji moyo kwamba hesabu zilizotumika zina tahadhari ya kutosha. Chini yake yakafuata maelezo, na maelezo ya maelezo, kila ngazi kwa herufi ndogo zaidi. Neno la Kiingereza lenye maana ya "kubwa" au "muhimu" lilirudiwa mara 5 bila kusema kubwa kiasi gani. Halafu huko chini kabisa, kwenye ngazi ya mwisho, ilikuwa imeandikwa kwamba povu lililogonga bawa lilikuwa na ukubwa wa inchi za ujazo 1,920, ilhali majaribio yote yaliyotegemewa yalitumia kipande cha inchi za ujazo 3.

Piga hesabu: mara 640. Maana yake majaribio hayakuweza kuwaambia chochote cha kuaminika juu ya pigo lile. Hiyo ndiyo habari. Ilipaswa kuwa kichwa cha slaidi, tena slaidi yenyewe ingekuwa na mstari huo mmoja tu. Badala yake iliwekwa mahali ambapo jicho lililochoka halifiki.

Tarehe 1 Februari 2003, Columbia ilipokuwa ikirudi, ilivunjika juu ya Texas. Wote 7 walikufa.

Nisieleweke vibaya. Slaidi haikutoboa bawa. Povu ndilo lililotoboa. Na maamuzi mabaya yalikuwa mengi, si hilo la slaidi tu. Lakini tume iliyochunguza ajali, katika ripoti yake ya Agosti 2003, iliona vyema kuutaja uchambuzi wa Tufte na kulaumu mazoea ya NASA ya kutumia slaidi pale ambapo ripoti kamili ya kiufundi ilihitajika. Yaani ukweli ulikuwepo. Uliandikwa. Ila haukusemwa.

KISA CHANGU

Nilisema nitafika hapa.

Mwaka 2013 niliandikia sacco moja programu ya kuweka hesabu za michango na mikopo ya wanachama. Siku ya kuikabidhi nilisimama mbele ya kamati na projekta ya kuazima. Nilikuwa na slaidi 43, zote kwa Kiingereza, ingawa mkutano wenyewe ulifunguliwa kwa maombi kwa Kiswahili na kila mtu mle ndani alikuwa akiongea Kiswahili. Kwa nini Kiingereza? Kwa sababu nilitaka waone kwamba pesa yao imenunua kitu cha maana. Niliwaonyesha michoro ya hifadhidata. Niliwaonyesha mishale. Mweka hazina alisinzia kwenye slaidi ya 9.

Kwenye slaidi ya 31, kitone cha nne, niliandika kwamba urejeshaji wa data kutoka kwenye bekapu haujathibitishwa. Kwa lugha ya watu: tunatoa nakala kila usiku, lakini sijawahi kujaribu kama nakala hiyo inafunguka, na nahitaji siku mbili na kompyuta ya pili ili nijaribu. Nilisoma mstari huo kwa sauti ileile niliyosomea mistari mingine yote. Nikabonyeza, ikaja slaidi ya 32. Mwishoni wakapiga makofi, wakaniletea soda.

Miezi mitano baadaye diski ya seva ilikufa. Bekapu haikufunguka.

Walirudi kwenye vitabu vya risiti. Makarani watatu walikaa karibu wiki nne wakiingiza upya michango, mstari kwa mstari, na mimi nikiwa nao. Katika wiki hizo mikopo ilisimama. Namkumbuka mama mmoja aliyekuja mara tatu. Alikuwa amechanga bila kukosa kwa miaka mingi, na alitaka mkopo wa karo kwa sababu shule zilikuwa zinafunguliwa. Kila mara aliambiwa akaunti yake haionekani. Mara ya tatu hakugombana na mtu. Alikaa kwenye benchi kitambo, akakunja kitabu chake cha risiti, akaenda. Jina lake lilipatikana siku sita baada ya shule kufunguliwa.

Mwenyekiti aliniita. "Kijana wangu, kwa nini hukutuambia kwamba jambo hili linaweza kutokea?"

Mimi, kwa ujinga wangu, nilikuwa nimejiandaa. Nilifungua kompyuta nikamwonyesha slaidi ya 31. "Mzee, nilisema. Ni hapa."

Alivaa miwani, akasoma polepole mpaka mwisho, akanitazama. "Hapa uliandika," akasema. "Hukutuambia."

Sijapata somo la kazi yangu lililonizidi hilo, na limetoka kwa mtu ambaye hajawahi kuandika mstari mmoja wa programu.

JE, KOSA NI LA PROGRAMU?

Wapo wanaosema lawama zote ni za PowerPoint. Tufte yuko karibu nao. Jeff Bezos wa Amazon mwaka 2004 aliipiga marufuku kwenye mikutano ya wakubwa wa kampuni. Mpaka leo wanasifika kwa kuandika maelezo ya kurasa zisizozidi 6, na mkutano huanza watu wote wakisoma kimya. Sababu yake inaeleweka. Vitone humruhusu mwandishi aweke mawazo matano kando kwa kando bila kusema lipi linasababisha lipi. Aya kamili haikubali ujanja huo, kwa kuwa itakudai neno "kwa sababu".

Wapo wengine wanaojibu kwa methali: mchagua jembe si mkulima. Mbovu akipewa chaki atakuua kwa chaki.

Mimi nasimama katikati, lakini nimeegemea upande mmoja. Jembe halilimi lenyewe, kweli, ila jembe lenye mpini uliopinda litakupindisha mgongo. Mwaka 2000 Peter Norvig, mtaalamu wa kompyuta aliyekuja kujulikana sana kupitia Google, alifanya utani mmoja mzuri. Alichukua hotuba ya Abraham Lincoln ya Gettysburg ya mwaka 1863, hotuba fupi isiyofika hata maneno 300, akaigeuza kuwa slaidi za PowerPoint. Alimwachia msaidizi aliyekuwa ndani ya programu, AutoContent Wizard, amtengenezee muundo. Ikatoka kama ripoti ya kampuni: ajenda, malengo, hata grafu ya idadi ya mataifa mapya. Maneno ya Lincoln yaliyoliza watu yakawa makapi. Programu haikukosea hata kidogo. Ilifanya ilichoundwa kufanya.

Msaidizi yule aliondolewa kwenye toleo la 2007. Leo amerudi na nguvu mpya. Unaiambia programu ya akili unde "nitengenezee slaidi 20 juu ya usalama wa data", na kabla chai haijapoa ziko tayari, zina rangi na picha. Breki iliyokatika mwaka 1987 sasa imeng'olewa kabisa. Gharama ya slaidi kwa msemaji imekuwa sifuri. Gharama kwa msikilizaji ni ileile ya zamani: dakika zake, na kichwa chake.

NIFANYEJE BASI?

Kanuni ziko nyingi. Guy Kawasaki ana yake ya 10, 20 na 30: slaidi 10, dakika 20, herufi zisizopungua saizi ya 30. Huko Tokyo, wasanifu majengo Astrid Klein na Mark Dytham walianzisha Pecha Kucha mwaka 2003: slaidi 20, kila moja sekunde 20, ukifika dakika 6 na sekunde 40 kaa chini. Ni nzuri zote. Lakini unaweza kuzifuata zote na bado ukazika ujumbe wako, kwa uchache na kwa uzuri.

Mimi nina swali moja tu kabla sijafungua kompyuta. Umeme ukikatika dakika ya kwanza, na hapa kwetu hilo si fumbo, nitawaambia nini kwa sentensi moja? Sentensi hiyo ndiyo slaidi ya kwanza, na ndiyo ya mwisho. Zilizo katikati ni mashahidi wake. Slaidi isiyo na ushahidi wa kutoa, itoke. Na kama kuna hatari, haipewi kitone. Inapewa ukurasa wake, kwa lugha wanayoongea waliokaa mbele yangu, kisha nanyamaza mpaka mtu aulize swali.

Wazee wetu walilijua hili bila projekta. Mbiu ya mgambo ikilia, kuna jambo. Pembe ilipigwa kwa sababu kulikuwa na jambo, na aliyeitika wito aliondoka akilijua. Siku hizi tunapiga pembe saa nzima, na jambo tumeliweka kwenye kitone cha nne.

Yule kijana nilikaa naye jioni ile. Nikamuuliza lile swali la umeme. Alifikiri, akakuna kichwa, akasema, "Programu yangu inafanya kazi, lakini watu wawili wakilipa sekunde ileile, mmoja anapoteza pesa yake."

Nikamuuliza ilikuwa kwenye slaidi ya ngapi. Alitafuta mpaka akaipata: ya 27.

Juzi alisimama tena. Alileta slaidi 4, na hiyo ilikuwa ya kwanza. Hatukumaliza hata ya pili, kwa sababu chumba kizima kilianza kubishana jinsi ya kulitatua tatizo lake.

Ni hayo machache tu.